Kahawa Iliyoelea

Karani alimimina ndoo ya tatu ya Mama Pacha kwenye birika la maji la kupimia kahawa kiwandani, na Mama Pacha akajua yamemfika. Kahawa nzuri huzama. Yake ilielea birika zima, nyekundu tupu, kama ilivyoelea ya ndoo mbili za kwanza.

Kosa lake lilikuwa uangalifu. Kiwanda cha ushirika kilifungwa siku mbili ili kuta zipakwe rangi, kwa sababu mkaguzi wa biashara ya haki alikuwa anakuja. Yeye ndiye hutoa ile nembo inayowahakikishia wanunuzi wa mbali kwamba mkulima anatendewa vyema. Mama Pacha alikwisha kuchuma. Akaogopa kahawa isije ikachachia kwenye gunia, akaianika. Ikakauka, ikawa nyepesi. Lakini rangi ya ukuta ilipendeza kweli.

Karani alimwambia kila ndoo huhesabiwa, kwa hiyo hiyo ni mara ya tatu kukataliwa msimu huu, na mara ya tatu mwanachama hufutwa. Nambari ya uanachama aliachiwa na marehemu mumewe. Bila hiyo hana pa kupeleka hata punje moja. Mama Pacha akauliza ni nani aliyefunga geti. Karani akamwita mlinzi.

Mlinzi alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, na kila mtu alijua nambari ile ikifutwa atapewa yeye. Alikuja na rungu, bila haraka.

"Shemeji, toka taratibu. Kuna wageni."

"Nitatoka na nambari yangu."

Alimpiga mdomoni. Mama Pacha akaangukia ndoo, naye akampiga tena mbavuni, mara mbili, kama anayepura maharage. Wakulima kwenye foleni waliinamia ndoo zao. Kila mmoja alikuwa na kahawa ya siku mbili mle ndani. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Kule barazani mkaguzi alisikia kishindo, akauliza kuna nini. Mwenyekiti wa ushirika akamjibu kwamba mama mmoja ameteleza, sakafu ina maji. Mkaguzi akarudi kwenye fomu yake, akasoma swali lililofuata: je, kuna mwanachama aliyewahi kupigwa au kutishwa kiwandani?

"Sisi hapa ni familia," alisema mwenyekiti.

Mama Pacha alijiinua. Alipita kando ya foleni huku damu ikimchuruzika kwenye blauzi, akapanda ngazi za baraza. Shemeji yake hakumgusa mbele ya wageni. Mama Pacha akatema kiganjani, akaliweka jino juu ya fomu, palepale kwenye swali.

"Andika na hilo."

 Mkaguzi akalisogeza pembeni kwa ncha ya kalamu, akaipuliza karatasi ikauke, akatia alama kwenye hapana.