Vivuli vya Mahame

Jumanne moja ya mwaka sabini na sita, Rahabu alikuwa kwenye kitalu cha kijiji cha ujamaa, nje kidogo ya Ikungi, akichagua miche ya kubebeshea michungwa, yaani kuipandikiza juu yake. Bwana shamba Urbano alikuwa ameleta milimao ya mjini, imenyooka, unene wa penseli. Rahabu aliitazama, akaiacha. Akatwaa jembe, akatembea saa mbili hadi mahame yake, akang'oa miche kumi na miwili ya mlimao iliyojiotea kando ya kaburi la mumewe, Antipasi. Mlimao mama, uliokuwa ukilitia kaburi kivuli, ulikatwa siku watu walipohamishwa na nyumba kubomolewa. Tangu hapo Antipasi alilala juani, na hilo lilimuuma Rahabu kuliko nyumba.

Miche iliposhika udongo kitaluni akaichanja, akapachika vikonyo, vijitawi vyenye macho, vya michungwa, akafunga kwa nailoni. Yote ikashika. Nusu ya milimao ya mjini ilikauka, maana jua la huku halina simile.

Michungwa ya Rahabu ilipoanza kuzaa, ikaonekana haina kivuli. Watu walichuma huku utosi ukiwaka, wakazoea. Urbano aliuzunguka mti mmoja mara tatu, daftari mkononi.

"Shikamoo, mama. Kivuli cha mti huu kiko wapi?"

"Marahaba. Kiko nyumbani, bwana shamba."

Wakaenda. Kule mahame hapakuwa na mti hata mmoja, ila vivuli kumi na viwili vilikuwa vimetanda chini, na kikubwa kuliko vyote kilifunika kaburi. Mbuzi wa watu walijilaza humo wakicheua. Rahabu akaketi karibu na mumewe, akalia kidogo kwa furaha, akamenya chungwa. Urbano akaandika kwamba shina la mahame linastahimili ukame, ila kivuli chake hurudi lilikotoka.

Habari zikaenea, kila kaya ikaanza kuchimba miche mahame kwake. Wazee wakaandika barua wilayani: vivuli vimesharudi, nao waruhusiwe kurudi. Jibu likaja na muhuri. Vivuli havihitaji kibali. Watu wanahitaji, na kibali hakitolewi.

Mwenyekiti wa kijiji aliisoma barua hiyo kitaluni. Mzee Mughwai, mche wake umefungwa kwenye gunia bichi, akauliza kama barua imekataza kubebesha. Haikukataza.

Rahabu akafuta kisu kwenye khanga, akaupokea mche.

"Mlango wako ulikuwa upande gani, mzee?"

"Mashariki."

"Basi kivuli kikirudi kwako, asubuhi utapata jua kidogo mlangoni," alisema, akaanza kuchanja.