Fomu Inayosema Sipo

Kila mwaka, wiki mbili kabla mkataba haujaisha, afisa ugavi huniletea fomu. Ina kurasa tatu, na sehemu yangu ni kipengele cha saba: "Nathibitisha kwamba taasisi haina mtumishi mwenye uwezo wa kufanya kazi hii." Chini yake kuna mstari wa sahihi. Nilikuwa nimeutia sahihi mara nne.

Kazi yenyewe ni kupima mizani za masokoni, za wauza nyama na za maghala, ili kilo iwe kilo. Taasisi yetu iliundwa kwa ajili hiyo: mnunuzi asipunjwe, muuzaji asisingiziwe. Niliifanya kwa miaka kumi na tisa. Sikuisomea darasani. Niliingia kama mbeba mawe ya mizani, nikajifunza kwa kutazama na kwa vitabu vya kuazima, mpaka siku moja na mimi nikakabidhiwa kitambulisho cha ukaguzi.

Kisha gari letu likafa injini. Wakubwa wakasema tukodi kampuni ya nje kwa mwaka mmoja tu, gari likipona tutarudi barabarani. Mara ya kwanza nilitia sahihi bila kinyongo. Gari bado liko uani, nyasi zimefika kwenye vitasa vya milango, na paka wa ofisi huzalia ndani yake. Fedha ya mkataba wa mwaka mmoja ingelitengeneza mara kumi na moja. Nilipiga hesabu hiyo siku moja ya mvua, nikaikunja karatasi, sikumwonyesha mtu. Wenzangu wawili walihamishwa, wa tatu akastaafu. Nikabaki na meza. Taarifa za kampuni huja zimejaladiwa vizuri, nami nagonga muhuri wa "Imehakikiwa".

Nisichoweza kumweleza mtu ni jinsi ninavyoitamani kazi ile. Natamani uzito wa sanduku begani asubuhi. Natamani dakika ile jiwe limeshawekwa, sindano inacheza, na safu nzima ya wauzaji imenyamaza kuingoja itulie. Mke wangu ananijua.

"Wanaume wengine wanaota wanawake," husema, "wangu anaota mizani."

"Ungependa nibadilishe?"

"Hapana, baki hapo hapo. Mizani haina ndugu wa kuja kukaa."

Mwaka huu afisa ugavi alikuja Jumatatu. Ni mwanamke kijana, mcheshi, na ndiye aliyenibandika jina la Mzee Gramu.

"Shikamoo, Mzee Gramu. Nimekuletea mgeni wako wa kila mwaka."

"Marahaba. Mwache hapo mezani, nitaonana naye Ijumaa."

"Ijumaa? Mbona siku zote unamaliza kabla chai haijapoa?"

"Nataka kwenda kuitazama kazi kwanza."

"Si unasoma taarifa zao?"

"Nazisoma. Mizani elfu moja na mia mbili, na hakuna hata moja yenye kasoro. Hata malaika hawapatikani wengi hivyo."

Alicheka, kisha akaacha. "Mkataba unakuruhusu kuwasimamia. Fungu la usafiri ndilo halipo."

"Miguu ninayo."

Hapa lazima niseme jambo moja. Binti yangu wa kwanza ni mpimaji wa kampuni hiyo. Alipoajiriwa nilijaza fomu ya maslahi nikaipeleka juu, na hakuna aliyeniuliza lolote. Kupima alijifunza kwangu. Alipokuwa mdogo tulipanga vikombe juu ya meza ya jikoni, nami nikimwonyesha kwamba meza inaweza kuwa sawa katikati na kuwa mwongo pembeni. Kwa hiyo mizani ya jukwaa, ile ya magunia, hupimwa mara tano: katikati, kisha pembe zote nne.

Jumatano nilimkuta sokoni, kwenye safu ya vitunguu. Alikuwa amevaa fulana ya kampuni, na stika za kijani zinaning'inia kiunoni kwa utepe. Aliweka jiwe la kilo ishirini katikati ya jukwaa, akatazama sindano, akabandika stika, akahamia ya pili. Haikuchukua dakika mbili. Aliponiona alisimama wima.

"Baba. Kuna mtu anaumwa nyumbani?"

"Wote wazima. Nimekuja kikazi."

Aliangalia viatu vyangu vilivyojaa vumbi. "Pembe, sivyo?"

"Sijasema kitu."

"Hujasema, lakini nakusikia." Alishusha sauti. "Tunahesabiwa stika, Baba. Hamsini kwa siku. Nikipima pembe nne nitafika ishirini, na kesho fulana hii atavaa mwingine."

Nilimwamini. Nikamwomba mizani inayofuata nipime mimi. Mwenye mizani, muuza vitunguu mwenye kofia ya sufu, akasogea.

"Huyu mzee naye ni nani?"

"Baba yangu. Ndiye aliyeanza kazi hii."

"Basi tumwite babu wa mizani yangu. Karibu, babu, umwone mjukuu."

Watu wakacheka. Nilitoa kitambaa mfukoni, jiwe lisiguswe na jasho la mkono, nikaliinua. Miaka minne ni mingi. Mgongo ulilalamika, lakini moyo haukulalamika. Katikati, sawa. Nikalisogeza pembe ya kwanza, sindano ikacheza, safu ikanyamaza, nami nikajikuta natabasamu. Ilipotulia nikasoma.

"Imezidi gramu mia mbili."

Muuza vitunguu alivua kofia. Mizani iliyokataliwa hufungwa siku hiyo hiyo, na mwenyewe harudi kuuza mpaka itengenezwe. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono kuomba stika nyekundu.

"Baba," binti yangu alisema polepole, "njoo usimame hapa."

Nilikuwa nimesoma kutoka pembeni, kama ninavyosoma saa ya ukutani nikiwa kitini. Sindano husomwa kutoka mbele, jicho likiwa usawa wake. Nilimfundisha hilo akiwa na miaka saba. Nikasogea mbele. Nikakunja macho, nikayafungua. Ilikuwa ishirini kamili.

"Samahani, ndugu yangu," nilimwambia muuzaji.

"Umenitoa roho kidogo tu, babu. Endelea."

Pembe ya pili na ya tatu zilikuwa sawa. Ya nne, iliyo upande wa ukuta, ilizidi gramu mia tatu. Safari hii tulisoma wote wawili kutoka mbele, na muuzaji akainama akasoma pia.

"Huko ndiko ninakoegemeza magunia," alisema. "Mwaka wa ngapi huu nagombana na wateja kuhusu vitunguu vinavyonyauka njiani."

Binti yangu alibandika stika nyekundu mwenyewe. Kisha tukasimama kando, kwenye bomba la maji, nami nikamweleza kuhusu kipengele cha saba. Nikamwambia kwamba kwa miaka minne niliandika uongo, na leo nimegundua kwamba nusu yake imekuwa kweli.

"Nikikataa, kazi inaweza kurudi kwetu," nilisema. "Na wewe unaweza kukosa yako. Niambie."

Alinawa mikono kwa muda mrefu kuliko mikono ilivyohitaji. "Usiniulize mimi, Baba. Ukiniuliza nitasema tia sahihi. Nina kodi ya nyumba, nina mtoto wa shule." Akafunga bomba. "Lakini nimefurahi kukuona na jiwe mkononi. Nilikuwa nimesahau unavyotabasamu."

Ijumaa nilikata maneno ya kipengele cha saba kwa mstari mmoja, nikaandika chini yake: "Mtumishi yupo mmoja. Ujuzi anao ila umeshika kutu. Anaomba miwani, gari na mwezi mmoja wa mazoezi."

Afisa ugavi alisoma mara mbili.

"Mzee, mfumo hauna mahali pa kuandika haya. Una Ndiyo na Hapana."

"Basi bonyeza Hapana, na karatasi uiambatishe."

"Mkataba utasimamishwa mpaka bodi ikae. Na binti yako?"

"Anajua."

Alinitazama kama mtu anayemsubiri mwenzake abadili nia. Sikubadili. Akabonyeza.

Bodi ilikaa wiki tatu baadaye. Hawakuuvunja mkataba, waliukata. Masoko mawili yalirudishwa kwa taasisi kwa majaribio ya miezi sita, mengine yakabaki kwa kampuni. Gari halikutengenezwa, ila nilipewa mkokoteni na mtu wa kuusukuma hadi lango la soko. Miwani nilinunua mwenyewe. Kampuni nayo ilipunguza watu. Binti yangu hakufukuzwa. Siku zake zilishuka kutoka sita hadi tatu, katika soko la upande wa pili wa mji.

Hajaja nyumbani kwa Jumapili nne sasa. Mama yake huongea naye kwa simu, na simu ikifika kwangu huwa salio limekwisha.

"Mpe muda," mke wangu husema. "Hasira ya mtoto haina mizizi."

Mimi hutoka kila asubuhi. Napima pembe zote nne, polepole, mizani kumi na tano kwa siku. Nimekataa sita, na mmoja wa waliokataliwa hanisalimii. Kazi niliyoitamani miaka minne ninayo mikononi, na sikusema uongo kuipata.

Lakini kanuni yetu ya zamani inataka wasomaji wawili. Wa kwanza anasoma kwa sauti, wa pili anarudia namba aliyoiona yeye, ndipo iandikwe. Bodi imeniruhusu kuazima msomaji wa pili kutoka kampuni, siku mbili kwa wiki, nimchague nimtakaye. Barua ya ombi nimeiandika, nimemwomba binti yangu, nimetaja wazi kuwa ni mwanangu, nimeambatisha tena fomu ya maslahi. Nimeituma kwake kwanza, aisome kabla haijakwenda juu. Leo ni siku ya tisa, na hajajibu.

Kwa hiyo nasoma kwa sauti, mbele ya sindano, nangoja kidogo, kisha naandika namba yangu. Safu ya msomaji wa pili daftarini naiacha wazi.