Mahali pa Rada

"Nyuma!" nilisema kwa mara ya tatu. "Kwenye nguzo, nyuma kabisa. Mjadala umekwisha."

"Haujaisha, Mama. Unaukimbia tu."

Binti yangu alikuwa upande wa pili wa mlingoti. Mlingoti wenyewe ulilala juu ya vigoda vitatu, umejaza banda kutoka mlangoni hadi ukutani. Jumatatu kreni ingekuja kuusimamisha kwenye mashua. Alhamisi binti yangu angetweka tanga na kuondoka peke yake, siku tano za maji matupu. Kilichobaki kilikuwa kimoja: antena ya rada, sahani nyeupe kubwa kama ungo, na mahali pa kuifunga.

"Kilo sita kule juu," nilisema. "Upepo ukipiga chafya tu, mashua inalala. Nyuma ikiharibika, unasimama na bisibisi yako, unatengeneza. Mlingotini utapanda na nani? Na kunguru?"

"Na nyuma itaona nini? Bahari ikichafuka itaona mawimbi. Itachungulia kama mtu mfupi sokoni. Hayo ni maneno yako, mwenye stashahada ya umeme. Mimi ulinifundisha."

"Nilikufundisha na adabu. Hiyo hukuichukua."

Hakucheka. Alishika kitako cha chuma cha kubebea antena, akakiweka juu ya mlingoti, mahali pake hasa. Juu zaidi kuna kifungio cha waya wa mbele. Chini zaidi tanga lingekisugua kila mara mashua ikigeuka. Hapakuwa na pengine, na mimi nilijua kabla yake.

"Ni hizi alama, sivyo?" aliuliza. "Sema tu, Mama. Usinizungushe na kilo sita."

Nilichukua kitambaa nikaanza kufuta mafuta ambayo hayakuwepo.

Baba wa watoto wangu wawili alikwenda zake zamani, mashua ilibaki. Kila mwaka tulipoulaza mlingoti kuupiga rangi, watoto walilala kando yake, nyayo zikigusa vyuma viwili vinavyochomoza katikati yake, nami nikikwaruza kwa msumari pale utosi ulipofika. Wazo lilikuwa la kaka yake binti yangu, akiwa na miaka minne. Alisema mlingoti ukisimama, kichwa chake kitakuwa juu ya vichwa vyote vya bandarini. Tulimwita Twiga. Rangi tulipaka kila mwaka, lakini vile vipande viwili vyenye alama, cha kaka na cha dada, hatukuvigusa.

Alama ya mwisho ya kaka ni ya miaka kumi na saba. Mwaka huo huo, akiwa na mashua hii, meli ilimgonga ndani ya ukungu. Mashua ilirudi ikivutwa, ubavu umepasuka. Yeye hakurudi.

"Nitazipiga picha zote," binti yangu alisema, sauti imeshuka.

"Picha ninazo. Sitaki picha."

"Basi unataka nini? Mashua ya kusafiria au kaburi lenye tanga?"

Nusura nimpige kofi. Badala yake nilikaa kwenye kopo la rangi.

"Hii rada si mpya," nilisema.

"Uliinunua mwezi uliopita."

"Nilikwambia hivyo. Niliinunua kaka yako akiwa hai. Tulibishana hapa hapa. Yeye akasema mlingotini, mimi nikasema nyuma. Nikampa hizo sababu zote za uzito na bisibisi. Lakini nilikuwa naziangalia alama, kama unavyoniona leo. Sikutaka kuzitoboa. Mwishowe nikamwambia tungoje, tutaamua mwakani." Nilikikunja kile kitambaa. "Siku ile ya ukungu, rada ilikuwa kwenye boksi lake, chini ya kitanda changu."

Nje mtu alikuwa anaburuta ndoo kwenye zege. Miaka mitano nilikuwa nimefagia chumba kile nikilizunguka boksi lile, nikiinua godoro, nikishusha godoro, wala sijawahi kumwambia mtu.

Alizunguka mlingoti, akachuchumaa mbele yangu. Nilidhani atanilaani. Ana haki.

"Hii ya mwisho," alisema polepole, akinyoosha kidole, "alivaa buti."

"Najua."

"Ulijua?"

"Nilimzaa mimi. Nitashindwa kuona buti? Alitaka anipite kwa kiganja kizima. Nikamwachia."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, nami nikakishika kichwa chake kwenye magoti yangu hadi gauni likalowa. Kisha nikamwinua. Alhamisi ni Alhamisi.

"Lete drili," nilisema.

"Mama, hata nyuma itafaa kidogo. Nitakwenda taratibu."

"Kidogo haitoshi. Lete drili. Na ushike kitako kisitetemeke."

Alikishika. Tundu la kwanza kati ya manne liliangukia juu ya mstari wa buti, sawasawa, kana kwamba mtu alipima. Niliweka ncha pale nikabonyeza. Alumini ilipiga kelele, ikatoa nyuzi ndogo zinazong'aa, zikaniangukia mikononi zikiwa za moto. Sikusimama. Drili ilipopenya nilipuliza vumbi. Mstari haukuwepo tena.

"La pili," nilisema, na binti yangu akasogeza mkono kunipisha.