Aya ya Mwisho

Kila ukurasa wa gazeti una mkia, na mkia huo huliwa. Tangazo likichelewa kufika, msanifu kurasa hana nafasi ya kusoma tena: huishika makala kwa chini na kukata mpaka tangazo lienee. Jambo hili lilijulikana kwa kila mtu katika chumba cha habari, kuanzia mhariri hadi mama anayepiga deki. Aliyelijua kuliko wote alikuwa mwandishi wa ukurasa wa teknolojia, mwanamke wa makamo ambaye wasomaji walimpachika jina la Dada Kifaa.

Dada Kifaa alikuwa na ustadi wake. Akiletewa simu aijaribu, alisifu kioo, akasifu kamera, akasifu hata boksi lililokuja nayo, kisha kasoro zote akazikalisha kwenye aya ya mwisho. Hakuna aliyemwagiza. Alipoanza kazi aliwahi kufungua makala kwa kasoro, mhariri akamwambia, "Dada, mbona unatangaza msiba hata salamu hujatoa?" Wakacheka wote wawili, na tangu hapo kasoro zikahamia chini. Mara zilitoka, mara zilikatwa, na zilipokatwa hakugomba. Yeye aliandika, waliokata ni wengine. Kwa mtindo huo alilala usingizi mnono, kampuni zikaendelea kumletea vifaa kabla havijafika madukani, na hakuna aliyemnyooshea kidole.

Wasomaji wenyewe hawakuzitaka kasoro. Walikuwa wamegawanyika kama mashabiki wa mpira, hawa wa kampuni ya Tavo, wale wa kampuni ya Kimo, na ole wako useme simu ya Tavo inapata moto mfukoni. Watu ambao Tavo haikuwajua hata kwa sura waliitetea kuliko walivyowatetea watoto wao. Kipenda roho hula nyama mbichi, na hawa walikula bila hata chumvi.

Katika mashabiki wa Tavo, baba mzazi wa Dada Kifaa hakuwa na mpinzani. Mzee huyo alikuwa mpiga chapa hadi alipostaafu, vidole bado vina weusi wa wino usiokubali sabuni, na aliishi peke yake tangu afiwe na mkewe. Redio yake Tavo, simu Tavo, pasi Tavo. Pasi ilimuunguzia shati la harusi ya mpwa wake, akasema shati ndilo lilikuwa la kitambaa kibaya. Tatizo la mzee lilikuwa magoti. Yalikuwa yanamsaliti, na zaidi ya mara moja binti yake alimkuta na michubuko ambayo alidai ni ya kujikuna.

Tavo walipotoa saa ya mkononi ya wazee, inayotambua mtu akianguka na kuwapigia simu jamaa zake yenyewe, Dada Kifaa aliipokea kwa hamu ambayo kwa mara ya kwanza haikuwa ya kazi. Alishusha godoro sakafuni, akavaa saa, akajibwaga. Saa ikapiga kelele na simu yake ikaita papo hapo. Akajibwaga kwa ubavu, akajibwaga kwa mgongo, saa ikaitika kila mara. Alikuwa anakaribia kuipigia makofi ndipo alipokumbuka kwamba baba yake haanguki hivyo. Baba yake huteleza. Hushika ukuta, goti likalegea, akashuka taratibu kama nguo inayodondoka kwenye msumari.

Akaenda jikoni, akaegemea ukuta na kuyaachia magoti kidogo kidogo mpaka akalala chini. Saa kimya. Akarudia kwa upande wa kushoto. Kimya. Akabaki amelala pale kwenye vigae, na baada ya muda kioo cha saa kikawaka na maandishi ya kijani: *Hongera, umepumzika vizuri.* Alicheka peke yake jikoni, halafu kicheko kikamwisha.

Hapo ungetegemea kasoro ipande juu. Haikupanda. Mkono una mazoea yake. Aliandika makala tamu, yenye godoro na vichekesho, na katika aya ya mwisho akaeleza wazi kwamba mzee anayeteleza polepole saa haimwoni kabisa. Jioni likaingia tangazo kubwa. Lilikuwa la Tavo wenyewe, la saa ileile. Msanifu akakata mkia.

Asubuhi Dada Kifaa aliliona pengo, akainua mabega kama kawaida yake. Aliwaza kwamba baba atamwambia mwenyewe, wikendi. Kabla ya saa sita mchana simu ikaita.

"Mama!" Mzee alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa binti alirithi jina la mama mzazi wa mzee. "Nimesoma makala yako, nimetoka moja kwa moja hadi dukani. Ninayo mkononi hapa. Inang'aa!"

Binti alimfuata nyumbani jioni ileile. Mzee alikuwa amekaa kwenye kochi, amekunja mkono wa shati ili saa ionekane, na fimbo yake ya kutembelea, ambayo daktari alimsihi asiiache, ilikuwa imetupwa juu ya kabati.

"Baba, saa hiyo haitambui ukiteleza. Nimeijaribu mwenyewe."

"Gazeti halikusema hivyo."

"Niliandika. Walikata."

Mzee alimtazama kwa huruma, kama fundi anavyomtazama mwanafunzi. "Walikata wapi?"

"Mwishoni."

"Mwanangu, mimi nimekula chumvi ya chapa maisha yangu yote. Nimekata makala kuliko unavyokata kucha. Cha maana hukaa juu, makapi hukaa chini, na ndiyo maana hukatwa chini. Wewe ulikiweka wapi?"

"Chini," alisema.

"Basi. Kingekuwa na uzito ungekiweka juu. Kilichochapwa kimepita mikono ya watu. Haya unayoniambia sasa yamepita mkono wa nani?" Akampigapiga begani. "Au Kimo wamekupa simu mpya?"

Alisema kwa mzaha, ila kulikuwa na chembe ya swali ndani yake, na binti aliisikia. Alijaribu kumrudishia fimbo. Mzee alikataa katakata. Alisema amenunua saa ili aachane na mambo ya uzee.

Kesho yake Dada Kifaa alimwendea mhariri na kuomba sahihisho, fupi tu, juu ya ukurasa. Mhariri alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokuwa ukichosha. "Sahihisho huandikwa tulipokosea, dada. Onyesha neno moja lisilo la kweli katika tulichochapa." Hakulipata. Kila neno lililochapwa lilikuwa la kweli.

Akaandika kwenye ukurasa wake mwenyewe wa mtandaoni, na safari hii aliianza habari kwa kasoro. Watu wakamshukia kama mwewe. *Kimo wamekununua bei gani? Nani anaanguka polepole, konokono? Juzi ulisifu, leo unaponda, tukuamini lini?* Hilo la mwisho alilisoma mara nyingi, kwa sababu lilikuwa na haki yake. Mashabiki wa Kimo nao walikuja kumtetea, na utetezi wao ulikuwa mbaya kuliko matusi, maana sasa kila mtu aliona kweli kahamia kambi.

Mhariri akamwita tena. Tavo wamepiga simu. Hawajatisha, wameuliza tu kama gazeti na mwandishi wake bado wana msimamo mmoja. Mchana mzee naye akapiga, sauti imemkauka. Wazee wenzake walikuwa wamemwonyesha alichoandika binti yake. "Unanivua nguo mbele ya watu, mama. Mtoto wangu, niliyejisifia, leo anaitwa kigeugeu. Futa."

Alifuta. Ingekuwa vizuri kusema alifuta kwa ajili ya baba yake, na ndivyo alivyowaambia wenzake. Lakini alikuwa ameshaamua kabla mzee hajapiga. Ukurasa ule wa gazeti ndio uliomlisha, na aliogopa. Baada ya hapo akawa anampigia mzee asubuhi na jioni, akijidanganya kwamba simu mbili zinaweza kufanya kazi ya fimbo.

Msimu wa mvua ulipoanza, asubuhi moja jirani aliona nguo za mzee zimelowa kambani tangu jana na hakuna aliyezianua. Akagonga, akazunguka nyuma, akaita watu wavunje mlango. Mzee alikuwa kwenye ujia mwembamba kati ya bafu na chumba cha kulala, amejikunja chini ya ukuta, sauti imemwishia kwa kuita. Binti alikuwa amepiga jioni iliyotangulia, hakupokelewa, akadhani amelala mapema. Saa ilikuwa mkononi, chaji tele. Haikuwa imempigia mtu yeyote.

Hospitalini daktari alimvuta pembeni. Nyonga imevunjika, kifua kimeingia baridi na kwa umri ule hawezi kuhimili upasuaji. Alisema wajiandae, kwa sauti ya mtu aliyezoea kulisema neno hilo.

Dada Kifaa alikaa kando ya kitanda na kuushika mkono wenye wino.

"Usiilaumu saa," mzee alisema kwa taabu.

"Baba, umelala sakafuni usiku kucha."

"Ni mimi sikuanguka vizuri. Nilishika ukuta. Ningejiachia tu, ingepiga."

Alitaka kupiga kelele. Badala yake alimpangusa midomo kwa kitambaa chenye maji, huku machozi yakimtoka bila kujificha.

Muuguzi wa zamu alikuja kubadilisha dripu. Alikuwa mchangamfu, wa kuongea na kila mgonjwa. "Mzee, saa yako nzuri. Ndiyo ile ya Tavo? Mama yangu yuko peke yake, anaanguka-anguka kila siku."

Uso wa mzee ukapata nuru. "Mnunulie. Muulize binti yangu, ndiye mtaalamu."

"Usimnunulie," Dada Kifaa alisema. "Mtu akiteleza polepole haimtambui. Baba aliteleza. Ndiyo maana yuko hapa."

Muuguzi alimtazama yeye, akamtazama mzee, kisha akatoa simu yake mfukoni na kutafuta. Akaipata ile makala ya gazeti, akaanza kuisoma kwa sauti ya kati, akitabasamu kwenye vichekesho vya godoro. Alisoma bila kuruka hata sentensi moja, hadi pale chini palipoishia sifa. Mzee alifuata kila neno kwa midomo.

"Lakini si ni wewe uliyeandika haya?"

"Ni mimi. Kulikuwa na aya nyingine."

Muuguzi aliirudisha simu mfukoni, akamwekea mkono begani, na kumjibu kwa sauti ile laini anayotumia kwa ndugu wa wagonjwa wasiopona. "Pole, dada. Naelewa. Mzazi akiumia, mtu hutafuta chochote cha kulaumu."

Mzee, juu ya mto, akatikisa kichwa kukubali.