Beji Thelathini na Nne Chini ya Sifuri

Mkaguzi mkuu alipoipokea karatasi ile alidhani printa imechafua wino. Mbele ya kila namba palikuwa na kistari kidogo cheusi, safu nzima kutoka juu hadi chini, akapitisha kidole gumba juu yake kama mtu anayefuta vumbi. Vistari havikufutika.

"Si uchafu huo, mama," alisema mzee wa maabara, ambaye ofisi nzima ilimwita Babu Desimali kwa kuwa hakuwahi kukubali namba yoyote ikatwe mkia. "Hizo ni alama za hasi. Nimechapisha mara tatu, na mara ya tatu nikabadilisha hata printa."

"Hasi? Kwenye beji za kinu?"

"Zote thelathini na nne za chumba cha pampu. Nimefanya kazi hii mpaka nywele zimenikimbia, na haya sijayaona."

Beji hizo ni vijisahani vidogo ambavyo kila mfanyakazi wa kinu cha nyuklia hupaswa kuvibandika kifuani, vikusanye mionzi inayomfikia. Kila miezi mitatu huletwa kwenye maabara ya Mamlaka ya usalama wa nyuklia zisomwe. Pamoja nazo huja beji moja isiyovaliwa na mtu, inayokaa katika kabati la ofisi ya utawala, mbali na kinu, ipime ile mionzi kidogo itokayo ardhini, kutani na angani, ambayo humfikia kila kiumbe hata akiwa kitandani kwake. Kipimo cha beji ya kabatini huondolewa kwenye kipimo cha mfanyakazi, na kinachobaki ndicho alichokipata kazini. Mmoja mmoja kushuka kidogo chini ya sifuri ni kasoro ya kawaida ya upimaji. Lakini watu thelathini na nne kwa mkupuo, na kwa kiasi kile, maana yake ilikuwa moja tu: wanaume na wanawake wanaofungua pampu za kinu kwa mikono yao walikuwa wamepata mionzi michache kuliko kabati la mafaili.

"Robo zilizopita zilisemaje?" aliuliza mkaguzi mkuu, ingawa alijua. Alikuwa amezitia sahihi.

"Sifuri. Ila programu ya zamani tumeiondoa Jumatatu, na hii mpya haijafundishwa adabu, inasema inachokiona." Babu Desimali aliweka mezani bunda la karatasi, taratibu, kana kwamba lingeweza kuvunjika. "Nikaamua kuipitishia namba ghafi za nyuma. Miaka sita, mama. Hasi, hasi, hasi. Ile ya zamani ilikuwa inageuza kila hasi kuwa sifuri. Kuna waraka uliiamuru hivyo."

Hakusema waraka ni wa nani, na hakukuwa na haja. Mkaguzi mkuu alikivuta kiti, akaketi. Miaka kumi na mmoja iliyopita, katika mkutano wa wakazi wanaoishi jirani na kinu, mkulima mmoja alisimama na karatasi ya matokeo yenye hasi mbili tatu mkononi, akauliza mionzi hasi ndiyo ipi, ni ile inayotoka mwilini mwa mtu na kurudi kinuni? Ukumbi uliangua kicheko, naye mkaguzi alitamani ardhi ipasuke. Kesho yake aliandika waraka wa aya mbili: hasi zote ziandikwe sifuri, ili wananchi wasichanganyikiwe. Alipongezwa kwa kuijali lugha nyepesi.

Akaipitia tena ile safu. Mstari wa kumi na saba haukuwa na jina, namba tu, lakini namba ile aliijua. Ilikuwa ya mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, fundi wa vali ambaye tangu utotoni hakuitwa jingine ila Spana.

Sheria humruhusu mkaguzi kuingia kinuni wakati wowote bila kubisha hodi. Saa nne na nusu asubuhi alikuwa getini, saa tano kasorobo alikuwa katika chumba cha kubadilishia nguo cha mafundi wa pampu. Zamu ilikuwa kazini. Ukutani, juu ya safu ya viatu vya mpira, ilining'inia ngao ya shaba ambayo yeye mwenyewe aliikabidhi: *Miaka Mitano Bila Kipimo Kilichovuka Kikomo.* Chini yake, nyuma ya ndoo za kupigia deki, palikuwa na sanduku zito la madini ya risasi, la aina inayotumika kusafirishia vyanzo vya mionzi. Alikiinua kifuniko kwa mikono miwili.

Ndani zilipangwa beji, kila moja kwenye msumari wake, kila msumari na namba yake iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri. Hakuna hata msumari mmoja uliokuwa mtupu. Ukuta wa risasi uliowekwa kuzuia mionzi isitoke ulikuwa umeizuia isiingie, hata ile ya ardhi na anga. Alihesabu mara mbili, kisha akasikia mlango.

"Loo! Dada?" Spana alisimama kizingitini, glavu mkononi, ametota jasho. Alijaribu kutabasamu. "Ungepiga simu basi, tungefagia."

"Beji yako iko wapi?"

"Si unaiona? Imelala."

"Usinitanie. Hivi sasa umetoka wapi?"

"Pampu ya tatu. Dada, punguza sauti."

"Bila beji! Kwa miaka sita?"

Spana alifunga mlango kwa mgongo. "Wewe unamkumbuka yule dada wa kulehemu, yule ambaye beji yake ilisoma juu? Juu kidogo tu, haikuvuka hata kikomo. Mlimweka kiti moto siku nne. Andika maelezo, rudia maelezo, ulisimama wapi, ulisimama na nani. Kama mwizi wa kuku! Akatoka humu analia, hakurudi tena. Sisi tuliobaki tukaambiana, hiki kidude ni shahidi wa kutufunga, kikae mbali."

"Tulikuwa tunataka kujua mionzi imetoka wapi. Tumkinge."

"Mngemwambia basi." Akaionyesha ngao kwa kidevu. "Halafu mkatuletea hiyo. Wakuu wakapiga picha. Tangu hapo nani angethubutu kuwa wa kwanza kuiharibu? Na mlipokuwa mnasoma sifuri kila robo, tukasema aa, hata Mamlaka wanajua, wamenyamaza. Mtu mzima gani anafanya kazi kwenye kinu anapata sifuri?"

Mkaguzi mkuu alikuwa amekuja na hasira ya dada na mamlaka ya serikali, na vyote viwili vilimdondoka pale pale kwenye sakafu yenye unyevu.

"Umepata kiasi gani, mdogo wangu?"

"Wewe ndiye mpimaji," alisema Spana, na sasa hakuwa akitania. "Niambie wewe."

Kabla ya kuondoka, mkaguzi mkuu alisimamisha kazi yote ya chumba cha pampu kwa amri ya maandishi.

Mkurugenzi wa Mamlaka alimsikiliza mchana ule bila kumkatiza, kisha akavua miwani na kujikanda macho kwa muda mrefu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amejenga taasisi ile kutoka vyumba viwili na simu moja.

"Mkutano wa wakazi ni kesho saa nne," alisema. "Sheria inatupa siku thelathini kabla ya kutangaza. Tuchunguze kwanza, twende kwao na jambo lililokamilika. Ukisimama kesho na nusu ya habari, watu wataondoka na hofu nzima."

"Kesho nimepangwa kusoma taarifa ya mwaka. Ukurasa wa pili unasema sifuri. Niusome?"

"Uruke."

"Niruke, halafu siku ya thelathini niwaambie kwamba nilipokuwa naruka nilikuwa najua?"

"Mdogo wako yumo humu," alisema mkurugenzi, kwa upole. "Na waraka ni wako. Watakula nyama yako mbichi, dada yangu."

"Najua."

"Siwezi kukuamuru useme uongo." Alivaa miwani. "Nitakaa meza kuu, kiti cha pembeni yako. Lakini kusema, utasema wewe."

Ukumbi ulijaa kuliko mwaka wowote. Mkaguzi mkuu alikuwa ameyaomba haya kwa miaka, watu waje, na sasa walikuwa wamekuja. Mama yake alikuwa safu ya mbele, kitambaa chake kizuri kichwani, maana hakuwahi kukosa kumsikia bintiye akiusomea umma taarifa. Mafundi wa pampu walisimama nyuma, wamejibana ukutani.

Alisema bila kupamba. Alieleza beji, kabati, sanduku. Alieleza waraka, akasema: "Niliuandika mimi. Nilitaka namba zisiwatatize, nikafuta alama iliyokuwa inatupigia kelele. Namba ghafi za miaka yote sita zimebandikwa mlangoni, pamoja na vistari vyake. Kila fundi atapimwa damu kuanzia leo, na wapimaji wanatoka nje ya Mamlaka, kwa sababu sisi tumeshakosea."

Watu walimkodolea macho kama waliomwagiwa maji ya baridi. Kisha mwalimu mmoja mstaafu alisimama, karatasi za miaka iliyopita kifuani pake, zimebanwa kwa pini.

"Mwaka jana ulisimama hapo hapo ukatuambia sifuri," alisema. "Nikaenda kuwaambia wanafunzi wangu wa zamani wasiogope kazi ya kule. Wawili walienda. Leo nikuamini kwa lipi?"

"Leo usiniamini, mwalimu. Chukua namba mlangoni, mpe mtu yeyote unayemwamini azisome."

"Na hao mafundi wamepata kiasi gani?"

"Hatujui."

Mguno ulipita ukumbini, mzito, kutoka safu hadi safu. Hapo ndipo mama yake alipoinuka. Hakuinua mkono kama wengine, hakungoja kipaza sauti. Aliongea kama anayeongea jikoni kwake.

"Mwanangu, na mdogo wako? Yeye alikuwa anaivaa?"

Mkaguzi mkuu alishika ukingo wa meza. Vipimo vya mfanyakazi ni siri yake. Sheria ile aliilinda ujana wake wote, akawafukuza kazi watu wawili walioivunja.

"Sheria hainiruhusu kumtaja fundi yeyote, mama."

Mama alimtazama. Uso wake ulibadilika polepole, kama wa mtu anayesoma barua na kufika mstari wa mwisho. Mkono ukapanda mdomoni.

"Nimo, mama," ilisema sauti kutoka nyuma. Spana alikuwa amejibandua ukutani. "Namba kumi na saba. Mimi mwenyewe natamka, yeye hajasema." Akawageukia wenzake. Yule aliyekuwa pembeni yake alilamba midomo, akasema, "Tisa." Mwanamke mmoja akasema, "Ishirini na sita," kisha akajifunika uso kwa viganja.

Mama aliupita mstari wake akishikilia migongo ya viti, akapita mbele ya meza kuu bila kumwangalia binti yake, akaelekea nyuma kwa mwanawe. Mkaguzi mkuu alimfuata kwa macho mpaka watu walipomfunika. Alitaka kushuka. Miguu yote miwili ilitaka kushuka.

Katikati ya ukumbi mikono mitano, sita, kumi ilikuwa imeinuka. Alivuta kipaza sauti karibu, akamwashiria mzee mmoja.

"Ndiyo, baba," alisema. "Uliza."