Pointi za Kwenda kwa Mama Mdogo

Ardis Tollefson alirudi kutoka dukani na maziwa, mayai, viazi na dhambi. Dhambi haikuwa mfukoni, ilikuwa kwenye risiti, na mumewe Verlyn aliiona hata kabla mkewe hajavua koti la mvua.

"Ardis, umelipa na kadi gani?"

"Kadi ni kadi, mzee. Mayai si haya hapa?"

"Umelipia mayai kwa kadi ya mafuta!" Verlyn aliishika risiti kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya kwa mkia. "Kadi ya vyakula ni ile yenye karatasi ya kijani. Nimeibandika kwa mkono wangu, nikaandika CHAKULA kwa herufi kubwa. Hapa tumepata pointi moja kwa kila dola badala ya nne. Nne, Ardis!"

"Basi nikawarudishie kuku?"

Verlyn hakucheka. Kwenye pointi hakuwa na utani.

Mwanaume huyu alisambaza barua za watu wa mji wa Fergus Falls, Minnesota, kwa miaka thelathini na minne, kwenye theluji ya magotini, na hakuwahi kupoteza hata bahasha moja. Alipostaafu, wenzake walikwenda kutoboa barafu ziwani wavue samaki. Yeye akaangukia kadi za benki. Alikuwa nazo kumi na nne, amezipanga kwenye sanduku la mbao lililokuwa la ndoano, kila moja imebandikwa karatasi yake: ya mafuta, ya dawa, ya mgahawa, ya kulipia simu. Mchezo wenyewe alikuwa tayari kumweleza yeyote aliyefanya kosa la kumsalimia. Benki inakupa kadi na kukuahidi pointi nyingi za tiketi za ndege, mradi utumie maelfu kadhaa ndani ya miezi mitatu. Unatumia, unachukua pointi, na mwaka ukikaribia kuisha, kabla ada ya kadi haijakudondokea, unaanza kuwababaisha benki.

Na hayo maelfu kadhaa, jamani, yaliwahi kumtia Ardis aibu ambayo hadi leo akiikumbuka anafumba macho. Jirani yao Orville alifariki. Watu wako ukumbi wa chini wa kanisa wanakula mikate ya nyama, mjane Fern analia kwenye kitambaa, Verlyn huyoo akamsogelea.

"Pole sana, shemeji. Jeneza umeshalilipia?"

"Bado, Verlyn."

"Usilipe! Nitalipa mimi kwa kadi, wewe utaniandikia hundi baadaye. Nimebakiza siku nne na sijafikisha kiwango."

Fern akaacha kulia palepale. Ardis alitamani ardhi ipasuke immeze pamoja na sahani yake. Lakini Fern alikubali, kwani hata marehemu alichukia kuona kitu kinapotea bure. Njiani kurudi nyumbani Verlyn aliendesha gari huku akitikisa kichwa kwa shukrani. "Orville ametuachia pointi elfu themanini," alisema. "Mungu amlaze pema."

Sasa tusidanganyane: mwenye pointi nyingi namna hiyo angekuwa ameshaizunguka dunia mara mbili. Verlyn na Ardis hawakuwa wamefika popote. Miaka tisa nyuma, siku kadi ya kwanza ilipoingia kwenye sanduku la ndoano, Verlyn alimwahidi mkewe kwamba pointi zile ni za kwenda Norway kumwona mama mdogo Borghild. Huyu Borghild ndiye aliyevuka bahari kuja kumlea Ardis mama yake alipokufa, Ardis akiwa na miaka sita. Alimsuka nywele miaka minne, akamfundisha kushona na kugombana, kisha akarudi kwao Bergen. Ardis alimwona tena mara moja tu, akiwa na miaka ishirini na sita. Sasa Ardis alikuwa na sabini na mmoja, na mama mdogo tisini na mbili.

Kila mwaka Ardis aliuliza, na kila mwaka Verlyn alifungua kompyuta, akakunja uso, akasema tiketi mwaka huu zinakula pointi nyingi mno, wangoje mwakani. "Akiba haiozi, mama," alimwambia.

"Akiba haiozi, Verlyn. Watu je?"

Jumapili iliyopita, kwenye simu yao ya kila Jumapili, Borghild alimweleza kwamba nyumba imeuzwa. Mwisho wa Septemba angehamia kwenye nyumba ya wazee, chumba kimoja na kitanda. "Njoo kabla sijahama," alisema kwa Kiingereza chake alichokipata hukuhuku Minnesota. "Nikupikie kahawa kwenye jiko langu mwenyewe. Kule hawataniruhusu hata kuwasha kiberiti." Ardis alikwenda moja kwa moja kumwambia mumewe. Verlyn alipekua kompyuta yake, akajibu kwamba Septemba ni ghali, ila Februari pointi zitashuka zaidi ya nusu. Ardis aliingia jikoni akaanza kusugua sufuria iliyokuwa safi.

Siku ile ya mayai, basi, ilikuwa Jumanne ya mwezi wa saba, na ilikuwa pia siku ya simu. Simu hii Verlyn aliipiga mara moja kwa mwaka, siku chache kabla ada ya kadi yake kubwa haijaingia. Unawaambia benki unataka kuifunga kadi. Hutaki kuifunga hata kidogo, lakini unasema kwa huzuni, na wao, kwa kuogopa kukupoteza, wanakubembeleza na kukusamehe ada. Mwaka juzi walimsamehe nusu, mwaka jana yote. Alikuwa na maneno yake ameyaandika kurasa tatu, na kwenye ukurasa wa tatu Ardis alikuwa na sehemu yake. Verlyn akiinua kidole, yeye akiwa kwenye sinki alitakiwa apige kelele: "Ifunge tu, Verlyn! Sisi hatusafiri siku hizi!" Hapo ndipo benki hulegea.

"Mwaka jana ulisema kama unasoma tangazo," Verlyn alimkumbusha akitengeneza miwani. "Leo tia moyo kidogo."

"Nitatia," Ardis alisema.

Aliyepokea alikuwa binti mwenye sauti changa, na Verlyn aliiweka simu kwenye spika katikati ya meza. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa salamu na hali ya hewa. Akasoma wa pili, wa maisha kupanda na pensheni kubaki palepale. Akafika wa tatu, akakohoa, akainua kidole.

"Ifunge tu, Verlyn," Ardis alisema. "Sisi hatusafiri..."

Yale maneno "siku hizi" hayakutoka. Badala yake yakatoka mengine ambayo hakuna aliyeyaandika.

"Sisi hatujawahi kusafiri! Miaka tisa, Verlyn! Mama mdogo anafungasha vikombe vyake, na mimi niko hapa nahesabiwa mayai! Mwanamke yule alinilea! Akifa kabla sijamwona, nitaenda kumzika kwa kadi ipi? Ya kijani?"

Akalia, kilio cha kweli, mikono ikiwa bado kwenye povu.

Verlyn aliifunika simu kwa kiganja. "Vizuri sana!" alinong'ona. "Ila umezidisha kidogo."

"Pole sana, mama," sauti ilisema kutoka chini ya kiganja. "Mzee Tollefson, sitaki kuwasumbua zaidi. Naifunga sasa hivi."

"Ngoja, ngoja! Unaifunga vipi?" Verlyn alipekua karatasi zake, lakini ukurasa wa nne haukuwepo. "Si unatakiwa unibembeleze kwanza?"

"Nikubembeleze, mzee? Mkeo analia."

"Huwa analia!"

"Mzee!" Binti alivuta pumzi. "Lakini kuna jambo moja lazima nikuambie. Una pointi laki sita na elfu kumi na mbili. Nikiifunga kadi, zote zinapotea. Na naona hapa tangu mwanzo hujatumia hata moja. Nasoma vibaya, au ndivyo?"

Verlyn alimtazama mkewe, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akaonekana kuelewa kwamba pale kwenye sinki hapakuwa na mchezo.

Ardis akajifuta mikono kwa aproni, akaja mezani, akaichukua simu.

"Binti, jina lako nani?"

"Yesenia, mama. Nazungumza kutoka El Paso."

"Yesenia mwanangu, wewe unajua kukata tiketi?"

"Ndiyo kazi yangu nyingine, mama."

"Bergen, Norway. Watu wawili. Nataka kufika mapema Septemba."

"Usimpe tarehe!" Verlyn alisimama. "Ukishampa tarehe umekwisha, Ardis!"

"Ipo ya tarehe tisa," Yesenia alisema. "Pointi laki moja na elfu themanini kwa kila mmoja, kwenda na kurudi."

Verlyn akakaa. "Laki na themanini! Februari ni elfu sabini! Huu ni wizi wa mchana kweupe!"

"Na Februari mama mdogo atakuwa wapi?" Ardis aliuliza.

Verlyn akazipekua tena karatasi zake tatu.

"Nikate, mama, au nisikate?"

"Kata."

Ilichukua dakika kumi. Ardis alitaja majina herufi kwa herufi na namba za hati za kusafiria, ambazo alikuwa amezihuisha kimyakimya wakati wa Pasaka na kuzificha kwenye bahasha chini ya vijiko. Verlyn aliiona bahasha ile ikitoka pale na hakuuliza. Mwishoni Yesenia alisema, "Sasa, kwa vile mmezitumia, mfumo unaniruhusu kuwasamehe ada ya mwaka mzima. Bado mnataka nifunge?"

"Usifunge!" Verlyn aliruka kama kijana. "Usithubutu, binti! Ardis, umesikia? Yote!"

Ardis alimwachia hilo. Kuishi na mtu miaka arobaini na minane si lelemama, na mtu naye lazima apate chake.

Hapohapo wakampigia Borghild. Bergen ilikuwa inakaribia jioni.

"Ardis? Leo si Jumapili. Nani kafa?"

"Hajafa mtu, mama mdogo. Tunakuja. Tarehe tisa Septemba."

Walisikia kiti kikivutwa, na mtu mzima akikaa polepole.

"Usinitanie, mtoto wewe."

"Sikutanii. Tiketi tumeshakata."

"Nauli ya watu wawili! Mmeuza gari?"

Verlyn hakuweza kujizuia, akaiinamia simu. "Bure, mama! Bure kabisa! Kodi kidogo tu ya uwanja. Ni pointi, mama. Nimezikusanya mimi, miaka tisa!"

Bibi kizee alilirudia lile neno.

"Bure," alisema. "Na zilikuwepo siku zote hizo?"

"Zilikuwepo!" Verlyn alisema, bado anacheka.

"Sasa kama ilikuwa bure, baba, mlikuwa mnangoja nini?"

Kicheko kikamwisha Verlyn. Alimgeukia Ardis kuomba msaada, na Ardis akakunja aproni yake akamwacha ajibu mwenyewe.

"Sijui, mama," alisema mwishowe. "Kweli sijui."

"Haya. Njooni. Kahawa ipo."

Simu ilipokatika, Verlyn alikaa na lile sanduku la ndoano mbele yake, akagusa kadi moja, akaiacha. Kisha akainuka, akashuka ngazi kwenda ghala la chini. Ardis alimsikia akisogeza makopo ya rangi na taa za Krismasi. Alipanda tena akihema, na masanduku mawili ya safari, ya bluu, waliyonunua mwaka ule alipotoa ahadi. Yalikuwa mapya bado, na karatasi za bei zilikuwa zinaning'inia. Alichukua mkasi kwenye droo, akazikata moja baada ya nyingine, kisha akamuuliza mkewe kama mama mdogo anapenda siropu tamu ya miti ya hukuhuku Minnesota.