Muuza Maji Asiyengoja

Mama aliweka kidole kwenye skrini, chini ya neno la kwanza. Kabla hajafika la tatu, sentensi nzima ikatoweka.

"Huyu muuza maji ana haraka gani leo?" akauliza.

Nilijifanya kucheka. Wiki tatu nilikuwa nimetoka jasho nikiing'oa lugha aliyoibuni kaka yangu kuwaongoza watu wa mchezo wetu wa kompyuta, na kupachika mahali pake lugha ya programu inayojulikana na kila mtu. Ile ya kaka tuliijua wawili tu, na kaka alifariki kwa homa ya siku nne tu. Waandishi wapya wa mchezo wangefanyaje kazi?

Lakini niseme ukweli: nilianza kuichukia lugha ile kaka akiwa hai. Ukimgusa muuza maji, mmoja wa watu wa mchezo, sentensi yake moja ilitokea kwenye skrini, akaganda, ndipo ije ya pili. "Lugha yako goigoi kama wewe," nilimwambia mbele ya wenzetu wote kazini. Alitabasamu tu, akafunga kompyuta yake. Hatukulizungumza tena.

Mama akajaribu mara ya pili. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, na husoma kama anayechambua mchele. Maneno yakampita tena.

"Zamani alikuwa ananingoja," akasema.

Nikafungua mafaili ya kaka, yale niliyoyahamishia lugha mpya kwa programu bila kuyasoma. Chini ya kila sentensi palikuwa na amri ya kusubiri, na sekunde zimepimwa kwa idadi ya maneno. Lugha haikuchelewa hata kidogo! Na ni mimi niliyeiagiza programu yangu izitupe amri zile zote, nikidhani ni viraka vya kuficha ubovu. Jamani, mimi huyu! Dakika tano za kusoma zilinishinda nini?

"Mama, kaka aliwahi kukwambia nilichomwambia kazini?"

"Aliniambia jioni ileile."

"Akasemaje?"

"Alisema nisikwambie kwamba anayechelewa kusoma ni mimi. Alisema utaona haya, na bado mna kazi pamoja."

Machozi yalinitoka hata nikashindwa kuziona herufi za kibodi. Mama hakugeuka. Akamgusa tena muuza maji, akainamia skrini, midomo ikienda mbio, akijitahidi awahi.